Umebadilisha injini, sawa. Na breki je?

Pita nyuma ya ploti yoyote kule Kamakwa, Ruring'u au Skuta Jumapili mchana. Hukosi kuona bonneti iko juu na vijana watatu wameinama ndani kama madaktari wa upasuaji. Mmoja ameshika tochi ya simu. Wa pili anatazama YouTube na kusimamisha video kila sekunde kumi. Wa tatu hafanyi kitu, ila ndiye mwenye gari.

Gari lenyewe kwa kawaida ni Corolla AE100 au AE110, Starlet EP82, Impreza ya miaka ya tisini, au Nissan B14 ambayo rangi yake ya kwanza ishasahaulika. Halikutoka yadi. Limenunuliwa kwa msee mwingine aliyeanza kubadilisha injini, akafika katikati, doo ikaisha. Kwa hivyo linakuja na injini ambayo si yake, waya zinazoning'inia chini ya dashibodi, na kopo la nati ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi. Karatina ni hivyo, Nanyuki ni hivyo, Embu na Meru ni hivyo.

Niseme mapema: mimi niko upande wa hao vijana watatu. Watu wazima wakiona ndinga kama hiyo wanaona uhuni, spea za wizi na kelele za ekzosi saa nne usiku. Mimi naona karakana. Naona mtu wa miaka 22 ambaye mwaka jana hakujua kubadilisha oili na leo anakueleza kazi ya sensa ya oksijeni bila kusoma mahali. Lakini kuna kitu kinaniudhi kuhusu hizi ndinga za mradi, na ndicho kimenifanya niandike. Pesa zote zinaenda kwa injini. Gari linaongezewa nguvu nusu tena ya zile lilizotoka nazo kiwandani, halafu breki zinabaki zile zile za mwaka 1997, na mafuta ya breki ya rangi ya chai ya rangi.

Kwanza tuelewane kwa nini vijana wanafika hapa. Si ujinga, ni hesabu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe. Ushuru wa forodha kwa gari kuukuu ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwezi Julai 2023, na hapo bado hujafika kwa ushuru wa bidhaa na VAT. Mtu anayeuza simu mjini Nyeri au anayeendesha boda Karatina haingii kwenye hesabu hiyo hata akiomba mkopo. Kinachobaki ni magari yaliyo nchini tayari. AE110 ya mwisho ilitoka kiwandani Japani mwaka 2000, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe: kila moja unayoiona hapa imekuwa kwenye barabara zetu tangu enzi za Kibaki au kabla. Injini yake ya kwanza imechoka. Kuifungua na kuifanya upya, au kuweka nyingine iliyotoka Japani ukaipata Kirinyaga Road pale Nairobi, mara nyingi gharama hazipishani sana. Na kama utaweka nyingine, kwa nini usiweke yenye nguvu zaidi? Hapo ndipo mradi huzaliwa.

Wala si jambo geni hapa mlimani. Waulize wazee kuhusu Peugeot 504. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 ile kupe yake ya V6 ikashinda tena na Jean-Pierre Nicolas. Pikapu zake zikawa matatu, zikabeba kabichi, viazi na watu juu ya viazi. Injini ya Mfaransa ilipochoka, mafundi wa jua kali walitafuta dizeli ya Toyota au ya Nissan, wakachomelea maunti, gari likarudi barabarani. Hakuna aliyewaita wahuni. Ila kuna tofauti moja ambayo hatupendi kuitaja. Wale walibadilisha injini ili gari libebe mzigo na lisile mafuta mengi. Dizeli ile ilikuwa na mvuto, lakini kasi haikuwa nayo, kwa hivyo breki za zamani zilitosha tu. Sisi tunabadilisha ili gari liende kasi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Tuchukue mfano mmoja unaopendwa sana. AE110 ya kawaida ina injini ya 5A-FE, cc 1,498, nguvu farasi kama 100 hivi. Familia hiyo ya A ya Toyota ina undugu mzuri: 5A-FE, 4A-FE na 4A-GE zinakubaliana kwenye mambo mengi, ndio maana kazi hii inafanyika nyuma ya ploti na si kwenye maabara. Kwa hivyo kijana anatafuta 4A-GE ya valvu 20. Ile yenye kifuniko cha rangi ya fedha Toyota iliitangaza kwa farasi 160, na ile nyeusi iliyokuja mwaka 1995 kwa farasi 165. Inapanda hadi mizunguko zaidi ya elfu saba ikilia vizuri sana, sitakataa. Ukisikia moja ikitoka Marua asubuhi kukiwa na ukungu, hata wewe utageuka.

Sasa ukumbuke uko wapi. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Nanyuki iko zaidi ya mita 1,900. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo tu, haina ujanja mwingine. Inapoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu iliyoandikwa kwenye makaratasi. Zile farasi 165 unazojivunia zikifika Nyeri ni 130 na kitu. Ndiyo sababu wengine wanapenda 4E-FTE, ile ya Starlet yenye tabo, cc 1,331 tu lakini farasi 135 kwa hesabu ya Toyota. Tabo inasukuma hewa kwa nguvu, kwa hivyo mlima hauipokonyi sana. Ila ili kufidia hewa nyepesi tabo inazunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi. Chakula cha bure hakuna, hata Chaka kwa nyama choma unalipa.

Kitu ambacho mlima haukupunguzii ni uzito wa gari na mteremko.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza haiongezeki sawa na kasi. Inaongezeka kwa kasi mara kasi. Gari likienda kilomita 120 kwa saa lina nguvu mara nne ya likienda 60, wala si mara mbili. Hii ni fizikia ya sekondari, mwalimu aliisema tukiwa tumelala. Kwa hivyo ndinga ambayo zamani ilifika 120 kwa shida, sasa inafika 120 kabla hujamaliza kubadilisha gia, na kila mara unapokanyaga pedali unaitaka diski ndogo ya mbele na ngoma ya nyuma vifanye kazi ambayo havikuundiwa. Toyota wenyewe walipoiweka ile 20V kwenye Levin hawakuacha ngoma nyuma. Waliweka diski magurudumu yote manne. Kama waliotengeneza injini waliona haja hiyo, wewe na mimi wa Skuta tunabisha kwa msingi gani?

Na barabara zetu zimebadilika. Ile ya kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, kilomita 84 za njia mbili kila upande, inakuomba ukanyage. Kila mwenye mradi mpya anaenda kujaribu huko. Ukiingia upande wa Chuka na Meru unakutana na daraja la Nithi. Hilo sihitaji kulieleza kwa mtu wa Tharaka Nithi: mteremko, kona, halafu daraja. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Lilikuwa basi la abiria, si AE110 ya kijana. Lakini mteremko ni ule ule, na haumuulizi mtu anaendesha nini.

Breki nzuri si lazima ziwe za bei ya kutisha. Kalipa na diski kubwa kutoka gari lingine la familia hiyo hiyo zinapatikana kwa wanaovunja magari, ila uhakikishe zinaingia ndani ya rimu yako kabla hujalipa. Mipira ya breki iliyopasuka badilisha yote, usichague. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na yakiwa na maji yanachemka ukishuka mteremko mrefu, kisha pedali inaenda hadi chini kama imekanyaga sponji. Kuyabadilisha ni kazi ya asubuhi moja na watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nipeli.

Halafu kuna lile paipu la vakyumu linalotoka kwa manifoldi kwenda kwa sevo ya breki. Kwenye injini zilizobadilishwa mara nyingi limeunganishwa vibaya, limefungwa kwa waya au limepasuka. Kulijaribu ni bure kabisa. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano sita hadi pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, gari hilo lisitoke getini. Na ukiwa hapo chini tazama tairi pia. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona miradi ya injini safi kabisa ikisimama juu ya tairi ambazo zingekuwa darasa la sita.

Tuje kwa joto, maana hapa Nyeri tuna tabia moja mbaya. Fundi akiona injini inachemka, dawa yake ya kwanza ni kutoa thamostati na kuitupa. Ukimuuliza anakwambia, "Hiyo ni ya Wazungu kwa sababu kwao ni baridi." Budaa, umewahi kusimama Mweiga saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai? Hapa pia ni baridi! Thamostati inafungia maji ndani ya injini hadi ipate joto lake la kazi, halafu inafungua. Ukiitoa, injini inakaa baridi safari nzima. Kompyuta ya injini inasoma kwamba bado ni baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada, wewe unalia kwamba 20V inakunywa mafuta kama tinga. Petroli ambayo haijaungua inaoshea silinda na kuingia kwa oili. Oili inakuwa nyepesi, bearingi zinaanza kugonga, na injini uliyoisafirisha kwa basi kutoka Nairobi inakufa kabla ya Krismasi. Yote kwa sababu ya kifaa ambacho ni kati ya spea za bei ya chini kwenye gari zima.

Kuna lingine la joto ambalo wachache huliwaza. Kwa kimo cha Nyeri maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayangoji 100. Kinachozuia maji ya redieta yasichemke mapema ni shinikizo, na shinikizo linashikwa na kile kifuniko kidogo cha redieta. Kifuniko kikiwa kimelegea au mpira wake umekauka, injini inaanza kuchemka katika joto ambalo kule Mombasa lingekuwa salama. Kwa hivyo kabla hujanunua redieta ya alumini ya kupigia picha, nunua kifuniko kipya cha shinikizo linalofaa na kulanti halisi. Maji ya mfereji yanaacha kutu, na kutu inaziba mirija.

Na ile injini ya kutoka Japani, usiingize kabla hujaifungua mbele. Hujui ilitembea wapi wala ilikaa miaka mingapi kwenye kontena. Taimingi belti, pampu ya maji, sili za kranki na kemu, vyote badilisha injini ikiwa bado sakafuni. Ikiwa ndani ya gari, kazi hiyo hiyo inachukua siku nzima na ngozi ya vidole vyako.

Waya nitasema kwa kifupi, ingawa ndizo huua miradi mingi. Injini ikija bila kompyuta yake na waya zake kamili, hujanunua injini, umenunua chuma. Zile injini mbili za valvu 20, kwa mfano, hazipimi hewa kwa njia moja. Ya fedha ina kipimo cha hewa inayopita, nyeusi inasoma shinikizo la manifoldi. Ukichanganya kompyuta ya moja na injini ya nyingine utakaa mwezi mzima ukibadilisha plagi ambazo hazina kosa. Viungo visokotwe tu na kufungwa kwa selotepu? Hapana. Chomelea kwa risasi au tumia viungo vya kubana, weka fyuzi, weka relei kwa pampu ya petroli. Na waya za athi kutoka injini kwenda bodi ziwe nene na safi. Ukiwa na kipima umeme cha bei rahisi, weka ncha moja kwa nagativu ya betri na nyingine kwa injini, mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, athi yako ni mbovu, na huenda sensa zote unazolaumu hazina hatia.

Sasa wewe ambaye hujaanza, unatafuta kununua mradi wa mtu. Muuzaji atakuambia imebaki "vitu vidogo tu". Hivyo vitu vidogo ndivyo vilivyomshinda. Usilipie ndoto yake, lipia kile kinachowaka na kutembea. Pima kompresheni ya kila silinda injini ikiwa ina joto, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Ila usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu. Vitabu vingi vinataja namba za usawa wa bahari. Hapa hewa inayoingia ni nyepesi tangu mwanzo, kwa hivyo gauji itasoma chini hata injini ikiwa nzima. Kitu cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda moja na nyingine. Tatu zikisoma karibu sawa na ya nne ikawa chini mbali, hapo kuna hadithi, na muuzaji anaijua.

Kabla ya kompresheni, hata hivyo, soma namba ya injini kwenye chuma kisha uilinganishe na logibuku. Logibuku ina namba ya chasisi na namba ya injini. Kubadilisha injini Kenya si kosa. Kosa ni kukaa nayo bila kuiarifu NTSA ili rekodi irekebishwe. Gari linakaguliwa, unaonyesha injini ilitoka wapi, na maombi yenyewe siku hizi yanapitia eCitizen. Kwa hivyo risiti ya injini na karatasi zake za forodha ni mali. Muuzaji asipokuwa nazo, bei inapaswa kushuka sana, au uondoke tu. Injini isiyo na chanzo inaweza kuwa ilitoka kwa gari la mtu lililoibwa Thika, na siku polisi wakiisoma namba hiyo hawatamtafuta aliyekuuzia.

Bima nayo iko pale pale. Bima ya kulinda watu wengine ni lazima kisheria, na wengi wetu hununua hiyo hiyo ndogo tukijua ni ya kuonyesha polisi. Lakini fomu ya bima inakutaka useme ukweli kuhusu gari. Umeandika 1,498, ndani kuna 1,587 ya farasi 165. Siku ukigonga mtu, kampuni ikituma mkaguzi, umempa sababu ya kukataa. Hapo anayelipa matibabu ya mwenye boda uliyemgonga ni wewe na shamba la mzazi wako.

Mwaka 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi ambazo zingetaka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne yakaguliwe kila mwaka. Wapenzi wa magari wengi waliipinga, na naelewa hofu yao: foleni, ada, na mkono wa chai. Lakini mimi siogopi ukaguzi. Ninachoogopa ni ukaguzi wa kijinga, wa kuangalia kama stika zimebandikwa na kama kizima moto kiko, halafu gari lenye nguvu mpya na breki za zamani linapita kwa sababu rangi inang'aa, huku lililobadilishwa kwa makini likikataliwa kwa sababu mkaguzi hajawahi kuona injini kama ile. Tunataka orodha inayoeleweka kuhusu magari yaliyobadilishwa injini: breki zipimwe kwa mashine, maunti na uchomeleaji vitazamwe, njia ya petroli na waya zikaguliwe, namba zilinganishwe na karatasi. Orodha hiyo ichapishwe mapema ili mtu ajenge akiwa nayo mkononi. Anayepita apewe logibuku iliyosahihishwa siku hiyo hiyo. Ukifanya njia halali iwe rahisi, wengi wataipita. Ukiifanya ya kuzungushana, watabaki kwenye barabara za ndani na kutoka usiku.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tulioacha chuo njiani, na mlimani tuko wengi. Mtu aliyeweka injini mwenyewe, akasoma mchoro wa waya, akapata hitilafu kwa kipima umeme, huyo ana ujuzi ambao gereji inalipia. Shida ni kwamba hana karatasi. Karatasi ipo, ila hatuambiwi. NITA ina mitihani ya ufundi ya Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza, na ufundi wa magari umo. Kuna pia utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, unaosimamiwa na KNQA. Hakuna anayekuuliza uliacha chuo mwaka wa ngapi. Unaulizwa kama unaweza kazi. Nikiwa na nafasi ya kusema na kaunti zetu, Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru na Laikipia, ningeziomba zipeleke habari hiyo kwa gereji na kwa vikundi vya magari, si kwa kongamano la vijana hotelini penye soda na kalamu.

Na ningeomba kitu kingine cha bei ya chini zaidi. Vijana wanafanya kazi hizi chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki moja na mawe ya ujenzi. Mawe hayo hupasuka bila kukupa onyo, na jeki ya haidroliki hushuka sili ikichoka. Ukiwa chini ya gari, mti mgumu uliokatwa vizuri au stendi za chuma ndizo zikushikilie, na tairi uliyotoa ilaze chini ya bodi. Lakini kuna mahali salama zaidi, na pako kilomita chache tu kutoka kwetu. Kutoka Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi hadi Nyeri National Polytechnic na taasisi za ufundi za Othaya na kwingineko, kuna karakana zenye sakafu ya saruji, rampu za kuinulia magari, spana za kupima mkazo na mwalimu anayejua kuzitumia. Zifungue Jumamosi kwa ada ndogo. Mtu aje na gari lake, afanye kazi yake mwenyewe, mwalimu apite akiangalia, na gari lisishuke kwenye rampu kabla breki zake hazijapimwa. Oili chafu iachwe hapo kwa pipa badala ya kumwagwa kwa mtaro unaoelekea Chania. Wanafunzi wao nao wataona injini ambazo haziko kwenye mtaala wao, tena zilizovunjika kwa njia ambazo hakuna mwalimu angezifikiria.

Jumamosi moja kwa mwezi ingetosha kuanzia.